Unasomea mzio na kinga ya mwili? Jinsi ya kuanza utafiti wako ukiwa Tanga au Bagamoyo

Kila mwaka madaktari wapya wanapoanza ubingwa, maswali yanayonifikia ni yale yale. "Huku Tanga nitafanya utafiti gani wa mzio?" "Mpaka niende Cape Town ndiyo nijifunze?" "Vibali vinaanzia wapi?" Nimeyajibu kwenye simu, nimeyajibu kwenye veranda ya wodi, na sasa nayaandika mahali pamoja ili anayeuliza kesho apate pa kushika.

Mzio na kinga ya mwili si ubingwa wa kuanza nao. Marekani daktari humaliza kwanza tiba ya watoto au magonjwa ya ndani, kisha husomea mzio na kinga kwa miaka 2, na utafiti ni sehemu ya mafunzo hayo. Afrika Kusini kuna cheti cha ubingwa bobezi wa mzio, na kuna diploma kwa daktari anayetaka msingi. Popote utakapoomba nafasi baadaye, utaulizwa umetafiti nini. Kwa hiyo tasnifu yako ya ubingwa, uwe unasomea watoto, magonjwa ya ndani, ngozi au pua na koo, ndiyo nafasi yako ya kwanza. Usiitumie kwenye mada uliyookota ili mradi umalize.

Kabla ya kuanza, uwe na vitu hivi:

- Cheti cha mafunzo ya maadili na kanuni bora za utafiti wa kitabibu. Yapo ya bure mtandaoni, kwa mfano kwenye The Global Health Network. Kamati ya maadili itakidai.
- Barua ya utambulisho kutoka chuoni kwako.
- Kompyuta yenye programu ya kukusanyia data. REDCap, ODK na KoboToolbox zote zinatosha.
- Daftari la karatasi ngumu. Umeme ukikatika, daftari halizimiki.
- Msimamizi mmoja aliyekubali kwa maandishi. Kukubali kwa mdomo kwenye korido hakuhesabiki.
- Adrenalini, sindano ya kumwokoa mtu mzio ukimlemea ghafla, kama utamgusa mgonjwa kwa kipimo chochote cha mzio. Nitarudi hapo.

Hatua ya 1: Chagua swali lililo mbele ya macho yako

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Daktari kijana husoma makala za Ulaya kuhusu mzio wa karanga na chavua ya miti ya huko, kisha anataka kuzirudia Tanga. Acha. Pwani yetu ina maswali yake, na mengine hakuna atakayeyajibu kama sisi hatutayajibu.

Angalia kitanda. Ukanda wetu una joto na unyevu, na viroboto vumbi (utitiri, vidudu visivyoonekana kwa macho) hupenda hali hiyo, hasa yule aitwaye Blomia tropicalis. Nyumba ngapi bado zinalalia godoro la usumba au mto wa sufi? Nani amelinganisha watoto wa pumu wanaolalia sufi na wanaolalia sponji? Angalia sebule. Tunafukiza udi na ubani, tunawasha dawa ya mbu ya moshi, tunapikia mkaa. Dodoso la pumu lililoandikwa ng'ambo halitakuuliza habari ya chetezo.

Nenda soko la samaki. Mgonjwa wa Bagamoyo atakwambia "kamba wananidhuru" au "pweza hatupatani". Kamba, mende na viroboto vumbi wana protini moja inayofanana, tropomayosini, kwa hiyo mtu ambaye mwili wake umejenga mzio kwa vumbi la nyumbani kwake anaweza kuonekana ana mzio wa kamba kwenye kipimo ilhali anawala bila shida. Hilo peke yake ni swali la tasnifu. Na kuna wale wanaofika jioni wamewiva uso, kichwa kinagonga, mwili unawasha, baada ya kula jodari au vibua walioshinda juani. Huo mara nyingi si mzio. Bakteria wamegeuza histidini ya samaki kuwa histamini, kemikali ile ile ambayo mwili huitoa wakati wa mzio, na kupika hakuiondoi. Dalili kubwa ni kwamba waliokula sinia moja huumwa pamoja. Ukikusanya kesi za namna hii kwa mwaka mzima, ukatenganisha mzio wa kweli na sumu ya samaki, utakuwa umewasaidia wauguzi wa mapokezi kuliko makala kumi za kunakili.

Tanga ina katani. Mmea uliletwa mwaka 1893, na hadi leo kuna watu wanaofanya kazi kwenye korona (mashine ya kukwangua majani) na kwenye brashi ya kusafishia nyuzi, vumbi likiwapiga usoni. Watafiti walikwisha kuwapima wafanyakazi wa katani nchini miaka ya 2000 na kukuta dalili za kifua ni nyingi kwao kuliko kwa wenzao wasiogusa vumbi hilo. Kazi ya kuwafuata kwa miaka, kujua nani anapata pumu ya kazini na nani ni muwasho tu wa njia za hewa, bado ina nafasi kubwa.

Halafu kuna minyoo. Mwaka 2000 watafiti walionyesha kwamba watoto wa shule wa Gabon wenye kichocho cha mkojo hawakuitikia sana kipimo cha ngozi cha viroboto vumbi, yaani tone la kichochezi cha mzio juu ya ngozi na mchomo mdogo juu yake. Baadaye, watoto wa huko huko waliotibiwa minyoo mara kwa mara wakaanza kuitikia zaidi. Entebbe, Uganda, watoto ambao mama zao walipewa albendazole wakiwa wajawazito walipata ukurutu zaidi utotoni. Sisi tunagawa dawa za kichocho na minyoo mashuleni, na ni vema tuendelee, lakini nani anahesabu ukurutu na pumu baada ya hapo?

Kama moyo wako uko kwenye kinga zaidi ya mzio, Bagamoyo ni mahali pa kujivunia. Taasisi ya Afya Ifakara ina tawi pale, na chanjo za malaria zimepita mikononi mwa watu wake. RTS,S ilijaribiwa kwenye vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, na viwili vya Tanzania vilikuwa Bagamoyo na Korogwe. Shirika la Afya Duniani liliipitisha Oktoba 2021. R21 nayo ilipita Bagamoyo na ikapitishwa Oktoba 2023. Chanjo ya vijidudu vizima vya malaria vilivyodhoofishwa, ya kuchomwa mshipani, ilipojaribiwa Bagamoyo, kingamwili za Watanzania waliojitolea zilikuwa chini kuliko za Wamarekani waliopewa chanjo hiyo hiyo. Kwa nini? Malaria ya zamani mwilini? Minyoo? Lishe? Swali hilo lina nafasi ya zaidi ya daktari mmoja.

Hatua ya 2: Likate swali mpaka lilingane na miezi yako

Una mwaka mmoja wa kukusanya data, pengine miezi sita. Usiandike "mzio kwa watoto wa Tanga". Andika, kwa mfano: "Watoto wa miaka 6 hadi 12 wanaohudhuria kliniki ya pumu hospitali fulani: wangapi wanaitikia kipimo cha viroboto vumbi, na je, aina ya godoro inahusiana?" Ukiweza kulisema kwa mama mwenye mtoto akaelewa, limekaa sawa.

Kama huna fedha kabisa, chagua kazi ya rejista. Madhara ya dawa kwenye ngozi ni mfano mzuri: wanaopewa cotrimoxazole, wanaopata malengelenge na kuchubuka mwili mzima. Mafaili yapo, na fomu za njano za TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba) za kuripoti madhara zipo, au zilipaswa kujazwa. Kugundua kwamba hazikujazwa nako ni jibu.

Hatua ya 3: Tafuta walezi wawili

Mmoja awe daktari wa wagonjwa, wa pili awe mtu wa maabara au wa takwimu. Wa kwanza utampata chuoni kwako, Muhimbili, KCMC Moshi, Bugando au Dodoma. Wa pili mtafute Ifakara Bagamoyo, au vituo vya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, vya Tanga mjini, Korogwe na Amani kule Muheza. Hawa wamezoea kuchuja damu, kutunza chembe za kinga kwenye naitrojeni na kusoma ELISA, kipimo cha maabara cha kingamwili. Wengi wao wanahangaikia malaria, kwa hiyo usiwaendee na swali la mzio mikono mitupu. Waendee na ukurasa mmoja unaoonyesha kazi yako inavyoweza kupanda juu ya sampuli au kaya walizonazo tayari.

Barua pepe ya kwanza iwe fupi: wewe ni nani, swali lako ni lipi, unaomba nini hasa. "Naomba unisaidie utafiti" haijibiki. "Naomba dakika 20 unisomee sehemu ya vipimo" inajibika.

Hatua ya 4: Soma bila kulipa

Usinunue makala. Vyuo na taasisi za Tanzania huingia bure kwenye majarida mengi kupitia Research4Life, sehemu ya Hinari. Muulize mkutubi nywila. Kwa msingi wa kinga, Immunopaedia ya Afrika Kusini imeandikwa kwa ajili ya watu wa huku, mifano yake ni ya kifua kikuu, VVU na malaria.

Hatua ya 5: Anza vibali siku ile ile unayoanza andiko la utafiti

Hesabu kwa miezi. Kila mwaka namwona daktari mwenye swali zuri akimaliza muda wake akiwa bado anasubiri barua.

Andiko lipite kamati ya maadili ya chuo chako. Utafiti wenye mshirika wa nje, sampuli za kusafirishwa nje ya nchi, au majaribio ya dawa na chanjo upelekwe pia kwa kamati ya taifa iliyo chini ya NIMR, na sampuli zitahitaji mkataba wa kuzihamisha. Majaribio ya dawa ni lazima yapate idhini ya TMDA. Mshirika asiye Mtanzania ataomba kibali COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Ukiingia kiwandani au kwenye shamba la katani kupima vumbi, ongea mapema na OSHA, wakala wa usalama na afya kazini, pamoja na mwajiri.

Baada ya maadili zinafuata barua za utawala: Katibu Tawala wa Mkoa, Mkurugenzi wa Halmashauri, Mganga Mkuu, Mganga Mfawidhi wa kituo, kisha mtendaji wa kijiji au mtaa. Kwa wa Bagamoyo: wilaya yenu iko Mkoa wa Pwani, kwa hiyo barua ya mkoa inakwenda Kibaha, haiendi Dar es Salaam. Nimeona mtu akipoteza wiki tatu kwa kosa hilo.

Onyo: usikusanye hata jina moja kabla ya barua ya maadili kutoka. Data ya kabla ya kibali haitumiki, na hakuna namna ya kuisafisha baadaye. Kumbuka pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Faili la majina likae mbali na faili la majibu, na lote liwe na nywila.

Hatua ya 6: Andika dodoso kwa Kiswahili cha wagonjwa wako

Dodoso la ISAAC, lililotumika duniani kuhesabu pumu na mzio kwa watoto tangu miaka ya 1990, linauliza kama kifua kimetoa mlio wa kuhema miezi 12 iliyopita. Ukilitafsiri kamusi mkononi utapata sentensi ambayo mama wa Pangani ataijibu "hapana" huku mtoto wake akilala amekaa. Mama husema "kifua kinamlia", "kinamfanya filimbi", "anabanwa". Wengine husema "anakoroma", na hapo lazima uulize kama ni puani au kifuani. Mimi huiga ule mlio kwa mdomo wangu mbele ya mzazi, kisha nauliza. Hakuna aibu, na jibu hubadilika.

Ngozi nayo ina maneno yake. Ukurutu, upele, mabaka, vipele vya joto, na "damu chafu", ambayo inabeba karibu kila kitu. Chukua wazazi kumi, waulize, andika maneno yao, kisha rudi urekebishe dodoso. Kisha mtu mwingine alirudishe kwenye lugha lilikotoka, muone kama mmekutana.

Fomu ya ridhaa isizidi kurasa mbili. Asiyesoma asomewe mbele ya shahidi wake, si muuguzi wako, kisha aweke dole gumba.

Hatua ya 7: Pima kwa usalama na kwa usahihi

Kipimo cha mchomo wa ngozi kinaonekana chepesi, ndiyo maana kinaharibiwa.

Vimiminika vyake hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Ulizia TMDA kabla ya kuviagiza kutoka nje, na panga usafiri wa boksi lenye barafu mpaka mlangoni. Weka daima matone mawili ya ulinganisho, moja la histamini na moja la maji ya chumvi. Soma baada ya dakika 15. Kinundu kinachozidi kile cha maji ya chumvi kwa milimita 3 au zaidi ndicho chanya. Kwenye ngozi nyeusi wekundu haukusaidii sana, kwa hiyo pitisha kidole taratibu, mulika taa kwa ubavu, chora ukingo wa kinundu kwa kalamu, uhamishe mchoro kwa selotepu kwenye karatasi ya mgonjwa. Karatasi hiyo itakuokoa msimamizi akikuuliza ulipimaje.

Dawa za kuzuia histamini zisimame takriban siku 7 kabla. Hapa mimi mwenyewe nilikosea. Nilikuwa nauliza wazazi, "Anatumia dawa ya aleji?" Wakasema hapana, nami nikapima. Watoto kadhaa hawakuitikia hata histamini. Kumbe walikuwa kwenye sirapu ya kikohozi na mafua, ambazo nyingi zina dawa hiyo ndani, na kwa mama ile ni "dawa ya mafua" tu. Ilibidi niwarudishe wote, na wengine nauli haikuwaruhusu kurudi. Tangu hapo naomba waje na chupa zote za dawa zilizomo nyumbani.

Usipime mtoto ambaye pumu yake imembana siku hiyo. Adrenalini iwe imevutwa tayari au ipo mezani ikiwa na kipimo kilichoandikwa: miligramu 0.01 kwa kila kilo, isizidi 0.3 kwa mtoto na 0.5 kwa mtu mzima, msulini, ubavuni mwa paja. Muuguzi ajue hilo kama unavyolijua wewe.

IgE ya jumla, kingamwili ya mzio inayopimwa kwenye damu, usiitegemee peke yake. Minyoo huipandisha, na ukanda wetu una minyoo. Pima kinyesi na mkojo pamoja nayo, na utakayemkuta na kichocho au safura mtibu. Hiyo iwe imeandikwa kwenye andiko tangu mwanzo.

Kwa spiromita, kifaa cha kupima pumzi, tumia viwango vya dunia vya GLI (Global Lung Function Initiative) vya mwaka 2022, visivyogawa watu kwa rangi, na umpe mtoto muda wa kuzoea kupuliza. Puliza naye.

Hatua ya 8: Hesabu majira

Kusanya mwaka mzima ukiweza. Kaskazi na kusi si hali moja kwa mwenye pumu, na masika huleta ukungu ukutani na mafua majumbani. Aliyekusanya Juni hadi Agosti peke yake asiandike kama amepima mwaka.

Hatua ya 9: Toka nje na kazi yako mkononi

Sasa ndipo Cape Town inapoingia. Ukiwa na ikisiri ya maneno 250 yenye matokeo, hata ya watoto 60, mlango unafunguka. Jisajili kama mwanachama kijana au mwanafunzi kwenye World Allergy Organization, chama cha Ulaya EAACI, chama cha Marekani AAAAI, au chama cha mzio cha Afrika Kusini. Vyama hivi huwa na misaada ya safari na nafasi za kukaa kwenye kliniki za wenzetu. Anayependa upungufu wa kinga wa kuzaliwa aangalie chama cha Afrika cha magonjwa hayo, ASID. Mtoto ambaye chanjo ya BCG imemsambaa mwilini anaweza kuwa mgonjwa wako wa kwanza wa aina hiyo. Ruzuku za EDCTP, mpango wa Ulaya na Afrika wa kufadhili majaribio ya kitabibu, ni za hatua ya baadaye, ukishakuwa na kazi moja iliyochapishwa na taasisi ya kukubeba.

Kabla ya mkutano wa nje, rudisha majibu kulikotoka. Watu husema "Tanga, waja leo waondoka leo", na kwa watafiti wengi imekuwa kweli. Wakazi wa Kigombe au Ngomeni waliokupa damu wanastahili kukuona tena, barazani, ukiwaambia ulichokikuta kwa maneno yao.

Ukikwama

Kamati imerudisha andiko. Kawaida ni ukubwa wa sampuli au fomu ya ridhaa. Jibu hoja moja moja kwa namba, usiandike upya kila kitu.

Wagonjwa hawatoshi. Ongeza kituo cha pili, Muheza au Chalinze, lakini omba marekebisho ya kibali kwanza.

Watoto wengi hawaitikii chochote, hata histamini. Angalia dawa wanazotumia, kisha joto la jokofu. Umeme ukikatika wikiendi nzima, vimiminika vinaweza kuwa vimekufa. Weka kipimajoto ndani na uandike joto asubuhi na jioni.

Wote wanaitikia maji ya chumvi. Unachoma kwa nguvu, au ngozi yao huvimba kwa kuguswa. Kwaruza mkono kwa kijiti kisafi uone, na ukiona mstari umevimba, mtoe huyo kwenye kipimo cha ngozi.

Rejista za MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, zimeandika "pumu" kwa kila mtoto anayekohoa. Usizisahihishe kwa kukisia. Chota mafaili machache, yasomwe na madaktari wawili kila mmoja peke yake, kisha uripoti walikubaliana mara ngapi.

Msimamizi hajibu wiki ya tatu. Mpelekee karatasi iliyochapwa ofisini, swali moja juu yake, na uombe aandike ndiyo au hapana pembeni. Akiwa safarini, mwachie katibu wake na uandike tarehe uliyoiacha.